9mm, .38 au .45? Nguvu ya risasi ya bastola inapimwaje hasa

Mtu akiamua kubeba bastola chini ya nguo kwa ajili ya kujilinda, swali la kwanza huwa lile lile: risasi ipi ina nguvu zaidi? Majibu hayakosekani. Mmoja atamwambia 9mm ni dhaifu. Mwingine ataapa kwamba .45 humwangusha mtu chali hata ikimgusa begani. Wa tatu atasema .380 ni ya kutishia tu. Wote watatu wanatumia neno moja, nguvu, lakini kila mmoja ana maana yake, na hapo ndipo mvurugano unapoanzia. Jambo hili si la ushabiki. Anayebeba silaha ya kuua anawajibika kwa kila kinachotoka kwenye mtutu wake, kwa hiyo ana haki ya kuelezwa ukweli.

Tuanze na majina. Kile tunachokiita risasi kwa mazoea ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: ganda la shaba, baruti ndani yake, fataki ndogo kitakoni inayoiwasha baruti, na kichwa, yaani kile kipande kinachotoka na kuruka. Humu "kichwa" ni hicho kinachoruka, na "risasi" ni kitu kizima. Uzito wa kichwa huandikwa kwenye boksi kwa greni, kipimo cha zamani ambacho gramu moja ina takriban greni 15.4. Ukisoma 124 kwenye boksi la 9mm, hiyo ni gramu 8. Ukisoma 230 kwenye boksi la .45, hiyo ni karibu gramu 15.

Namba za majina, ambazo zile zenye nukta ni sehemu za inchi, nazo hupotosha. Risasi za .380 ACP, 9mm Luger, .38 Special na .357 Magnum zina vichwa vya unene unaokaribia kuwa mmoja, kati ya milimita 9.0 na 9.1. Anayedhani .38 ni nene kuliko .357 amedanganywa na historia: jina la .38 limetokana na rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) za zamani, ambazo unene uliohesabiwa ulikuwa wa ganda, si wa kichwa. Kinachozitofautisha risasi hizi ni urefu wa ganda, kiasi cha baruti, uzito wa kichwa na shinikizo la gesi linaloruhusiwa. Ganda la .357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935, lilirefushwa milimita 3 na ushee kuliko la .38 Special kwa makusudi, ili lisiingie kwenye rivolva isiyoweza kulihimili. Ndiyo maana rivolva ya .357 hufyatua .38 bila shida, lakini ya .38 haifyatui .357. Na kuna 9mm zaidi ya moja. Ya Luger ina ganda la milimita 19, .380 ina la milimita 17, na ya Makarov ina la milimita 18 na kichwa kinachozidi kidogo milimita 9.2. Hazibadilishani. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha yale ya kitakoni mwa ganda, na yafanane neno kwa neno.

Sasa nguvu yenyewe. Namba inayopendwa kwenye matangazo ni nishati, inayopimwa kwa jouli. Hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wa kichwa na kuizidisha kwa kasi mara kasi. Kwa sababu kasi inahesabiwa mara mbili, kuiongeza kidogo hupandisha jouli haraka kuliko kuongeza uzito. 9mm ya kawaida, gramu 8 kwa takriban mita 350 kwa sekunde, inatoa jouli 490. .45 ACP, gramu 14.9 kwa mita 255, inatoa karibu jouli 485. Ndiyo, karibu sawa, kwa risasi mbili ambazo watu wamezibishania zaidi ya miaka mia. .40 S&W ya gramu 11.7 kwa mita 300 hufika jouli 525. .380 ya gramu 6.2 kwa mita 290 ina kama 260. .38 Special ya gramu 10.2 ikitoka kwenye rivolva fupi kwa mita 235 ina kama 280. .357 Magnum ya gramu 8.1 ikitoka kwenye mtutu wa sentimita 10 kwa mita 440 inapanda hadi 780.

Jouli 490 ni nini? Ni nishati ile ile unayotumia kuinua mfuko wa kilo 50 kutoka sakafuni hadi urefu wa mita moja. Ukiishika picha hiyo, utaona kwa nini bastola hazifanyi yale tunayoyaona kwenye filamu.

Wazo la risasi kumrusha mtu nyuma linahusu kitu kingine, msukumo, ambao ni uzito mara kasi, bila kuhesabu kasi mara mbili. Hapa .45 inaizidi 9mm kweli: 3.8 dhidi ya 2.8. Lakini peleka msukumo huo wote kwenye mwili wa kilo 80. 9mm itausogeza kwa sentimita 3.5 kwa sekunde, .45 kwa sentimita 5 hivi. Mtu anayetembea taratibu huenda zaidi ya mita moja kwa sekunde. Kama risasi ya bastola ingeweza kumwangusha anayepigwa, teke la bastola lingemwangusha anayefyatua, kwa kuwa msukumo unaokwenda mbele hulingana na unaorudi nyuma. Wanaoanguka papo hapo huanguka kwa sababu ya kilichoharibiwa ndani, au kwa mshtuko na hofu. Hofu hiyo ni ya kweli, na watu wengi huacha shambulio kwa sababu yake, lakini hakuna kiwanda kinachoweza kuifungia kwenye boksi.

Kinachobaki ni swali la mwili: kichwa kimefika wapi, na kimepasua nini njiani. Risasi za bunduki ndefu zina kasi kubwa kiasi kwamba nyama inayovutwa pembeni kwa ghafla inaweza kuchanika mbali na njia ya kichwa. Kwenye kasi za bastola, misuli na mapafu huvutika kama mpira na kurudi mahali pake. Kuna viungo visivyovumilia mvutano huo, ini likiwa mfano, lakini kwa ujumla kichwa cha bastola huharibu kile tu kinachokigusa. Ndiyo maana wataalamu wa majeraha walihamisha macho kutoka kwenye jouli kwenda kwenye kina.

Tukio lililosukuma mabadiliko hayo lilitokea Miami, Marekani, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walikabiliana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mapema katika mapambano yale, kichwa cha 9mm cha greni 115 kilipita kwenye mkono wa juu wa mmoja wa majambazi, kikaingia kifuani, kikasimama karibu sentimita mbili na nusu kabla ya moyo. Kilitanuka kama kilivyoundwa. Kasoro yake ni kwamba kiliishiwa safari, na mtu yule aliendelea kupigana na kuua. Mkono uliokuwa mbele ya kifua ulikula sehemu ya kina. Kwenye mapambano mikono haikai pembeni. Imenyooshwa mbele, imeshika silaha, na mwili mara nyingi umegeuka ubavu.

Kutokana na hapo FBI ilitengeneza kipimo ambacho hadi leo ndicho lugha ya pamoja ya watengenezaji. Kipande cha jelatini ya asilimia 10 hupozwa, kisha huhakikiwa kwa kufyatuliwa kidonge cha chuma kwa kasi inayojulikana. Kisipoingia takriban sentimita 8.5, jelatini hiyo haifai. Baada ya hapo risasi hupigwa moja kwa moja, kupitia nguo nzito, bamba la chuma, ubao wa jasi, mbao na kioo cha gari. Kinachotakiwa ni kina cha kati ya sentimita 30 na 46. Watu huuliza kwa nini 30 wakati kifua hakina unene huo. Jibu ni mkono ule wa Miami, pamoja na pembe, nguo na mifupa. Na zaidi ya 46 ni hatari kwa aliye nyuma ya mlengwa. Jelatini si binadamu, haina mbavu wala ngozi, lakini ni rula inayokupa kipimo kile kile kila mara.

Kina na mtanuko huvutana, na huu ndio moyo wa jambo lote. Kichwa cha kujilinda huwa na tundu kwenye ncha. Kikiingia kwenye kitu chenye majimaji, tundu hujaa, kuta zake hufunguka na kukunjukia nje kama petali. Kichwa cha 9mm kinaweza kutoka kikiwa na upana wa milimita 14 hadi 16. Ni kama mwavuli: ukiwa umefungwa unapenya umati kirahisi, ukiufungua unazuiwa na kila bega. Kila milimita ya upana unayoipata unailipa kwa kina. 9mm, .40 na .45 zina akiba ya kutosha kulipia vyote viwili. .380 mara nyingi haina. Ikitanuka vizuri husimama kabla ya sentimita 30, na ikishindwa kutanuka huenda kina kizuri lakini kwa tundu dogo. Ndiyo maana watu wenye ujuzi hawakubaliani juu ya .380: mmoja anahofia kina, mwingine anahofia upana, na wote wana hoja. Mimi naipa kina uzito zaidi. Tundu pana lisilofika popote halimzuii mtu.

Nguo nazo huleta vurugu. Kitambaa kinene kikikatwa na ncha, kipande chake huziba tundu kama kizibo cha chupa, na kichwa hupita bila kufunguka hata kidogo. Vichwa vya zamani vilikuwa na ugonjwa huo sana. Vya sasa vimepunguza tatizo kwa kubadilisha umbo la tundu, au kwa kulijaza plastiki laini inayosukuma kuta zifunguke hata pakiwa na kitambaa. Ukisoma matokeo ya majaribio, acha yale ya jelatini tupu, angalia ya nguo nzito.

Kuhusu vichwa hivi kuna dhana inayorudiwa kila siku, kwamba vimepigwa marufuku duniani kote. Kilichopo ni Azimio la Hague la mwaka 1899, linalohusu vita kati ya mataifa. Halizungumzii polisi wala raia. Polisi wengi huvichagua kwa sababu vinapunguza uwezekano wa kichwa kupita mwilini na kumpata asiyehusika. Hata hivyo nchi nyingine haziruhusu raia kuwa navyo, na hata ndani ya Marekani jimbo la New Jersey lina masharti makali juu ya kuvibeba. Sheria ya mahali ulipo ndiyo inayoamua, na iangaliwe kabla ya kununua.

Sasa tuje kwenye bastola yenyewe, kwa kuwa namba zote za boksi zilipimwa kwenye mtutu ambao huenda si wako. Kichwa kinaendelea kusukumwa na gesi mpaka kitoke mdomoni. Mtutu ukifupishwa, sehemu ya kazi hiyo inakuwa moto na kishindo nje. 9mm huvumilia vizuri: ukitoka mtutu wa sentimita 10 kwenda 7.5, hasara ya kasi si kubwa. .357 Magnum haivumilii. Kwenye rivolva ya mtutu wa sentimita 5 hupoteza sehemu kubwa ya ubora wake, ikabaki na mwali mkubwa, kishindo cha kuumiza masikio, na teke kali. Wanaoinunua kwa ajili ya zile jouli 780 hawazipati.

Teke nalo linahesabika. 9mm hiyo hiyo kwenye bastola ya gramu 850 inarudisha mkononi karibu jouli 6. Kwenye bastola ya nusu kilo inakuwa 10. .357 kwenye rivolva nyepesi ya gramu 400 inapita 20. Huo ndio mzigo unaofanya mtu afumbe macho kabla ya kufyatua, abinye kifyatulio kwa pupa, na mtutu uiname chini. Kichwa kilichokosa kina nguvu sifuri kwa anayeshambulia na nguvu kamili kwa mpita njia. FBI yenyewe, baada ya Miami, ilihamia 10mm, kisha .40 S&W iliyotoka mwaka 1990. Mwaka 2014 idara yake ya mafunzo ikaeleza kwa maandishi kwa nini inarejea 9mm: vichwa vya kisasa vya vipimo hivi vilikuwa vimelingana katika majaribio, na wapigaji wengi walikuwa wepesi na sahihi zaidi wakitumia 9mm.

Idadi ya risasi inaingia hapo pia. Bastola ndogo kama SIG Sauer P365, iliyotoka mwaka 2018, hubeba 9mm kumi kwenye magazini yake ya kawaida. Rivolva ndogo ya .38 hubeba tano. Katika umbo linalofichika, .45 hukaa chache, kwa sababu kila ganda ni nene. Tofauti ya unene kati ya kichwa cha 9mm na cha .45 kabla ya kutanuka ni milimita 2.4. Ni faida halisi, siidharau, lakini ipime dhidi ya risasi tatu au nne pungufu na teke zaidi.

Vipi kuhusu alama ya +P? Maana yake ni kwamba risasi imepakiwa kwa shinikizo la juu kuliko kawaida. Kwa 9mm ni asilimia 10 zaidi, kutoka 35,000 hadi 38,500 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba. Itumie tu kama kitabu cha bastola yako kinairuhusu. +P+ haina kiwango rasmi kabisa. Kila kiwanda kinajua chenyewe kimeweka nini, na hiyo pekee inatosha kuikwepa.

.22 LR ina watetezi wake, kwa kuwa karibu haina teke. Udhaifu wake mkubwa haumo kwenye jouli, umo kwenye kuwaka. Haina fataki ya katikati. Kiwashio chake huwekwa kikiwa rojo bichi, kikasambazwa kwa kuzungushwa ndani ya ukingo wa kitako, na sehemu ya ukingo ikikosa kiwashio, kinyundo kikigonga hapo utasikia mlio mkavu tu. Kwa mtu ambaye mikono yake haiwezi kitu kingine, ni bora kuliko mikono mitupu. Kwa aliye na uwezo wa kushika zaidi, hapana.

Kwa rivolva ndogo ya .38 kuna chaguo linalosahaulika: kichwa bapa cha greni 148, kilichotengenezwa kwa mashindano ya shabaha. Ni cha polepole, teke lake ni pole, hakitegemei kutanuka. Uso wake bapa hukata tundu safi na huenda kina cha kutosha. Ubaya wake ni kwamba ubapa huo hufanya kujaza upya kwa haraka kuwe kugumu.

Ukishachagua, kazi iliyobaki ni kuhakikisha risasi na bastola vinapatana. Vichwa vyenye tundu vina pua butu, na bastola nyingine huvikwamisha kwenye mteremko unaoviingiza chumbani, yaani kitakoni mwa mtutu ambapo risasi hukaa ikisubiri kufyatuliwa. Piga angalau 50 za aina utakayobeba, pamoja na mamia ya mazoezi, kwa mkono mmoja pia na kwa mshiko uliolegea kidogo. Bastola nyepesi hukwama mkono ukilegea, kwa sababu hukosa kitu kigumu cha kuegemea wakati inajirudisha.

Jambo la mwisho ni dogo kuliko ukucha, na limeharibu bastola nzuri. Wabebaji wengi hutoa risasi ya chumbani kila jioni na kuirudisha ile ile asubuhi. Kila inapoingia, pua hugonga mteremko, na kichwa huzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda, wakati mwingine hadi kiwango cha hatari. Isimamishe risasi hiyo mezani kando ya mpya kutoka boksi lile lile. Ukiona kwa macho kwamba ni fupi, iweke pembeni, usiifyatue. Kwenye rivolva nyepesi hutokea kinyume chake: teke huvuta vichwa vya risasi zilizobaki kuelekea nje, mpaka kimoja kitokeze na kuzuia silinda isizunguke. Jaza tano, piga nne, kisha toa ya tano na uilinganishe na mpya. Ikiwa imerefuka, badilisha aina ya risasi, na urudie jaribio hilo kabla ya kuibeba.